Ila katika Saa Mpya

Miongoni mwa masuala ambayo watu huyadharau kwa kuyaona madogo, ilhali ndani yake yamebeba mambo mazito ya haki na ya nafsi, ni hili la mtu aliyenunua kitu cha thamani kwa mali aliyoichuma kwa jasho, akakifikisha nyumbani, akakitazama kwa utulivu, akakuta kina ila isiyodhuru kazi yake bali inadhuru sura yake. Je, mtu huyo amedhulumiwa? Na ikiwa amedhulumiwa, aliyemdhulumu ni nani: muuzaji aliyenyamaza, fundi aliyeteleza mkono, au jicho lake mwenyewe linalotaka katika kazi ya binadamu ukamilifu ambao binadamu hakupewa?

Swali hili lililetwa kwangu na kijana wa Molo, katika wilaya ya Tororo, ambaye riziki yake huipata kwa uwakala wa forodha mpakani Malaba, pale ambapo malori yatokayo Mombasa hupanga mstari mrefu yakingoja hati zao zipigwe muhuri kabla ya kuendelea na safari ya Kampala, Kigali au Juba. Kwa miaka mingi alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo kwa nia moja, hata akaja akanunua, katika duka la mji mkubwa ambalo sina haja ya kulitaja, saa ya mkono iliyoundwa Uswisi, ya chuma cha pua, isiyotumia betri bali hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Alichagua chuma kwa sababu ni Mwislamu, na dhahabu si halali kwa mwanamume kuivaa. Na nadhani hata pasingalikuwa na katazo hilo, mtu wa pande zetu angelikuwa na sababu ya kusita mbele ya dhahabu, kwani kule Tiira, katika wilaya ya Busia, wake kwa waume huchimba mashimo kwa mikono na kuikusanya dhahabu kwa zebaki, ambayo sumu yake hubaki katika maji yao na katika miili yao, na hiyo ni ila ambayo hakuna mnunuzi wa saa aendaye dukani kuilalamikia.

Usiku ule ule wa kuinunua saa yake, alipoibandua karatasi laini ya nailoni iliyowekwa kuilinda, aliona chini ya taa mkwaruzo mwembamba ubavuni mwa kasha, karibu na pale mkanda unaposhikwa na pini. Hakulala vyema. Siku zilizofuata aliendelea kuivaa, akaenda nayo kazini, akaenda nayo arusini. Kisha akaipeleka kwa fundi saa mjini Tororo, akaazima kile kioo cha kukuza ambacho fundi hukibana jichoni, na kwa kioo hicho akaigundua ila ya pili: kwenye alama ya 5, ambayo kwa hesabu yetu ni saa kumi na moja, tone la ile rangi ing'aayo gizani lilikuwa limeuvuka ukingo wake. “Mwalimu,” aliniambia, “saa inakwenda sawasawa, kwa hilo silalamiki. Lakini kila nikiitazama nijue wakati, siuoni wakati, nauona mkwaruzo.”

Watu wa kwao walikuwa wamekwisha kumpa majawabu. Wako waliomwambia amshukuru Mungu, kwani ni wangapi wasiokuwa na saa hata ya plastiki. Na wako waliomwambia kwamba ameibiwa, airudishe kwa ukali. Wale wa kwanza nawaheshimu kwa nia yao, walakini jawabu lao silikubali, kwa sababu shukurani ni baina ya mja na Mola wake, na haki ya mauziano ni baina ya mja na mja mwenziwe, na moja haiifuti nyingine. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipopita katika soko la Madina akautia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikatoka na umaji, alimtaka mwenye mali aeleze. Na alipoambiwa kwamba ni mvua iliyoinyeshea, alimlaumu kwa kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, akamtoa mwenye kughushi katika safu ya walio pamoja naye. Nafaka ile ilikuwa bado ni chakula. Ingalianikwa juani ingaliliwa. Hata hivyo hakuwageukia wanunuzi akawahimiza washukuru, bali alimgeukia muuzaji.

Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu na ambayo Waislamu wengi wa Uganda nao wameyashika, walilipima jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake kiitwacho Minhaj, ambacho vizazi vya wanafunzi wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekisoma mbele ya mashekhe wao, ameibainisha ila inayompa mnunuzi khiyari ya kurudisha kwa sharti ambazo, nikizieleza kwa maneno yangu, ni hizi: iwe inakipunguza kitu chenyewe au thamani yake kwa kiasi cha kumkosesha mtu kusudi lililo sahihi, na iwe ni jambo ambalo aghalabu vitu vya jinsi ile havinalo. Sharti hizo haziulizi kama kitu kinafanya kazi. Zinauliza juu ya thamani, juu ya kusudi, na juu ya ada ya jinsi yake. Na mwenye kuzishika tatu hizo atajua, katika duka lolote la dunia, wapi pa kusema na wapi pa kunyamaza.

Kusudi ndilo linalotaka kutazamwa zaidi, na sijui kisa kinacholifunua vyema kuliko kile kilichopokewa juu ya sahaba Wathila bin al-Asqa, ambacho Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amekisimulia katika kitabu chake cha Ihya. Mtu mmoja aliuza ngamia wake kwa dirhamu 300, mnunuzi akaondoka naye. Na Wathila, aliyekuwapo lakini akaghafilika, alipozindukana alimkimbilia mnunuzi yule nyuma, akamwuliza kama amemnunua ngamia kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya kupanda. Alipojibiwa kwamba ni kwa kupanda, ndipo alipomjulisha kwamba katika ukwato wa mnyama yule mna tundu aliloliona kwa macho yake, na kwamba hatastahimili mwendo wa kuendelea. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100. Kwa mchinjaji tundu lile lisingalikuwa ila kabisa, maana ukwato hauliwi. Kwa msafiri lilikuwa ni thuluthi ya bei. Wathila hakuweza kujua kama anadaiwa kusema mpaka alipojua mwenziwe anakwenda kumfanya nini ngamia.

Basi na tumwulize kijana wa Molo swali la Wathila: saa hii ameinunua kwa kusudi gani? Kujua wakati hakuhitaji mali nyingi. Tangu siku ya Krismasi ya mwaka 1969, kampuni ya Seiko ilipoanza kuuza mjini Tokyo saa ya mkononi yenye kwenda kwa mtetemo wa jiwe la kwatzi, usahihi wa wakati umekuwa ukishuka bei mwaka hadi mwaka, hata leo saa ya betri iliyotandazwa juu ya meza kando ya barabara ya Busia yaweza kuishinda kwa usahihi saa ya Uswisi ya bei ya kundi la ng'ombe, ambayo wapimaji rasmi wa huko huipa cheti maadamu kwa wastani haichelewi zaidi ya sekunde 4 wala haitangulii zaidi ya sekunde 6 kwa siku. Anayenunua saa ya namna hiyo hanunui wakati. Ananunua kazi ya mkono na uzuri wake. Mjini Geneva iko sheria ya mwaka 1886 iliyoweka muhuri wa kupigwa kwenye mitambo ya saa zilizotengenezwa katika jimbo lile, na miongoni mwa sharti za kuupata ni kwamba vipande vya ndani ving'arishwe na kingo zake zisuguliwe, hata vile vitakavyofunikwa na mwenye saa asivione maisha yake yote. Mimi siwezi kuidharau kazi ya namna hiyo, wala siwacheki wanaoitamani, kwa kuwa fundi anayeking'arisha kipande ambacho hakuna jicho la mtu litakalokifikia amekaribia, ajue asijue, ile daraja ya ihsani ambayo kwayo mja humtumikia Mola wake kana kwamba anamwona. Na kwa hiyo hiyo, aliyeuza kwa bei ya ihsani hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ila ni ya sura tu, maana sura ndiyo aliyoiuza.

Juu ya thamani sitarefusha, kwani thamani hufuata ada ya soko, na ada hugeuka: ziko saa za miaka ya 1950 na 1960 ambazo nyuso zake nyeusi, kwa udhaifu wa rangi, zimechujuka juani zikawa za kahawia, na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huweza kulipa zaidi kwa zilizochujuka kuliko kwa zilizobaki nyeusi. Lakini hayo ni ya vitu vya kale. Soko la leo laitaka saa mpya iwe mpya, na mkwaruzo unaipunguzia bei siku ile ile.

Imebaki ada ya jinsi yake, na hapa ndipo nilipolazimika kumpinga kijana, kwa sababu ila zake mbili hazikuwa sawa. Mkwaruzo aliuona kwa jicho lake, akiwa ameishika saa kwa umbali ambao kila mvaaji huishika, na saa mpya aghalabu haina mkwaruzo. Kwa hiyo ule ni aibu katika hukumu, yaani ila inayompa mnunuzi khiyari ya kurudisha, bila shaka. Tone la rangi hakuliona mpaka alipoliendea kwa kioo cha fundi, na fundi wa Tororo, ambaye amefungua saa nyingi kuliko mimi na yeye, alimwambia kwamba chini ya kioo kile hajapata kuona uso wa saa usio na kitu. Hata katika mnyama wa kuchinjwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu siku ya Idi, ambamo ingetazamiwa ukali upite kiasi, Mtume alizitaja ila nne, chongo, ugonjwa, kilema cha mguu na kukonda, na zile tatu za mwanzo akazifunga kwa sharti kwamba ziwe dhahiri. Na mafakihi wa Shafi wakaongeza kwamba kukosa pembe hakudhuru. Ikiwa sadaka ya Mungu inapimwa kwa kilicho dhahiri, saa ya mkononi haiwezi kupimwa kwa kilichofichika.

Lakini kisa cha kioo kile kilinihuzunisha zaidi ya hukumu yake. Maana baada ya tone la rangi kijana alianza kutafuta la tatu, akazihesabu nukta za dakika moja moja kuona kama zimelingana, akaichunguza akrabu ya sekunde kama inatua sawasawa juu ya kila nukta, na kila usiku aliirudia kazi hiyo kwa bidii ambayo angaliiweka katika elimu angalikuwa mwanachuoni. Katika Surat al-Mulk mwanadamu ameamriwa atazame, kisha arudie tena kutazama, kama ataona ufa wowote; na alichoamriwa kukitazama ni mbingu, ambamo jicho humrudia likiwa limechoka na kunyenyekea kwa kukosa ila. Mtu anapougeuza mtazamo huo akauelekeza kwenye chuma na kioo, jicho lake nalo humrudia likiwa limechoka, ila halinyenyekei. Hurudi likiwa na njaa zaidi, kwa sababu kila mara limepata lilichokitafuta. Sisemi kwamba ameabudu saa. Nasema kwamba alikuwa akiidai saa jambo ambalo hatuwezi kumdai mwenye duka, wala fundi wa Uswisi, wala kiumbe yeyote, na deni asilodaiwa mtu haliwezi kulipwa hata lidaiwe mara ngapi.

Sasa, ikiwa mkwaruzo ni aibu, mbona asiirudishe saa? Hapa sheria ni kali kwa mnunuzi kama ilivyokuwa kali kwa muuzaji. Khiyari ya aibu ni ya papo hapo: aliyeiona akiwa katika sala amalize sala yake, akiwa mezani amalize chakula chake, akiiona usiku angoje kupambazuke, kisha aende, na muda huo wote asikitumie kitu kile. Wala hana haki ya kubaki nacho na huku amlazimishe muuzaji kupunguza bei, bali ama atarudisha kitu kizima na kupewa bei nzima, ama atakishika kwa bei ile ile. Fidia ya kupungua kwa thamani hudaiwa pale tu kurudisha kunapokuwa hakuwezekani, kama vile kitu kikiharibika mkononi mwake kabla hajaijua ila. Kijana aliuona mkwaruzo usiku; kulipopambazuka aliivaa akaenda nayo Malaba, na baadaye arusini. Kwa kuivaa hali anajua, ameridhika, na haki yake imekoma. Sheria za dola nazo, kwa njia zake, hazikai mbali na hapo: ile ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, ambayo iliifuata ya Uingereza ya mwaka 1893, haimhifadhi mnunuzi aliyeikagua bidhaa akaikosa ila ambayo ukaguzi ule ulipasa kuifichua. Nilimwambia hayo, yakamchoma, nami sikuyapunguza makali, kwa kuwa watu wa mpakani wanaishi kwa biashara na hawana faida ya kufundishwa nusu ya haki.

Muuzaji naye asidhani kwamba amenusurika. Ikiwa aliujua mkwaruzo ule akanyamaza, kukoma kwa dai la mnunuzi hakukufuta deni lake mbele ya Mungu, maana haramu ya kuficha ilitimia pale pale dukani, kabla kijana hajaibandua nailoni.

Yuko aliyemfariji kijana kwa kisa cha Surat al-Kahf, cha yule mja mwenye elimu ambaye wafasiri humtaja kuwa ni Khidhri, aliyeitoboa jahazi ya maskini wa baharini, na Musa akamkemea, kumbe mbele yao alikuwako mfalme anyang'anyaye kila jahazi iliyo nzima, na tundu lile ndilo lililowaokoa. Faraja hiyo ni nzuri, na mtu akiipokea kwa moyo wake mwenyewe inampa raha ya kweli: labda mkwaruzo ule umemwondolea jicho la husuda, labda umemwondolea yeye mwenyewe ghururi ya kukinyoosha kifundo cha mkono mbele za watu arusini. Walakini naichelea faraja hii inapotoka katika kinywa cha wafanya biashara. Aliyeitoboa jahazi alijua alilofundishwa na Mola wake, wala hakutoza bei. Muuzaji aliyeficha ila hakujua ghaibu yoyote, na bei aliitia mfukoni.

Mwishowe kijana ameazimia kuiuza saa ile Busia, na ameniuliza swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote yaliyotangulia: je, ni lazima amwambie mnunuzi, maadamu mnunuzi ana macho na ataishika mwenyewe? Busia si kama soko la kijijini ambamo muuzaji na mnunuzi watakutana tena Ijumaa msikitini au Jumapili mlangoni pa kanisa. Tangu vituo vya mpaka vya nchi mbili vilipounganishwa na kufunguliwa rasmi na marais wa Uganda na Kenya mwezi Februari 2018, watu huvuka kwa wepesi kuliko zamani, huuziana wakiwa wamesimama, hulipana kwa shilingi za huku au za kule, kisha mmoja akaelekea Kisumu na mwingine akaelekea Jinja, na hawaonani tena mpaka siku ya hesabu. Mahali pa namna hiyo ulimi wa muuzaji ndiyo dhamana pekee ya mnunuzi. Wala halimfai neno lililozoeleka sokoni, kwamba nauza kama ilivyo na sirudishiwi, kwa kuwa katika madhehebu yetu neno hilo halimtoi muuzaji katika dhima ya aibu anayoijua.

Mkwaruzo, basi, ni wajibu autaje. Na tone la rangi? Kwa hukumu niliyoitoa mwenyewe, si aibu, na mwingine asingedaiwa kulisema. Lakini yeye lilimkosesha usingizi; alilihesabu katika dhuluma alizotendewa; na sioni jinsi mtu awezavyo kulilia jambo akiwa mnunuzi kisha aliite si kitu akiwa muuzaji, na ulimi ule ule ukabaki kuwa wa mkweli. Imepokewa kwamba Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanya biashara wa nguo mjini Kufa na akafariki mwaka 767, alimpa mshirika wake bidhaa za kuuza, akamwonya kwamba katika nguo moja mna ila na kwamba aieleze. Mshirika akasahau, akaziuza zote, na mnunuzi akatoweka asijulikane aliko, ndipo Abu Hanifa akaitoa sadaka bei ya mali ile yote, si ya nguo ile moja tu. Kijana wa Molo hana mali ya kumwezesha kufanya hivyo baada ya mauzo. Njia iliyo nyepesi kwake ni ya kabla yake: amketishe mnunuzi, ampe saa mkononi, amwoneshe mkwaruzo kwa kidole, ampe na kioo cha fundi alione tone la rangi, kisha ndipo wazungumze bei.